Uyoga Mkavu: Kuupata, Kuuhifadhi na Kuupika kwa Usalama

Ukurasa huu ni kwa yeyote anayenunua, kukausha au kupika uyoga mkavu nyumbani. Unaeleza mahali pa kuupata, namna ya kutambua ulio mzuri, jinsi ya kuutunza usiharibike, na la kufanya endapo mtu ataugua baada ya kuula.

Mambo muhimu ya kukumbuka

- Kukausha huzuia uyoga usioze. Hakuondoi sumu.
- Uyoga ukishakauka na kukatwakatwa, ni vigumu sana kujua ni wa aina gani. Usalama wake hutegemea aliyeuchuma.
- Adui mkubwa wa uyoga mkavu ni unyevu. Ukiota ukungu, utupe wote.
- Pika uyoga hadi uive vizuri. Usiule mbichi.
- Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula uyoga, aende hospitali siku hiyohiyo, hata akianza kujisikia nafuu.

Kwa nini watu hukausha uyoga?

Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa: karibu asilimia 90 ya uzito wake. Ndiyo maana huharibika haraka. Ukiuacha jikoni kwenye joto, siku ya pili unaanza kuteleza na kunuka.

Katika maeneo ya misitu ya miombo, kama vile Tabora, Katavi, Iringa na Ruvuma nchini Tanzania, uyoga huota wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kwa majuma machache unakuwa mwingi kuliko familia inavyoweza kula, kisha unatoweka. Kwa hiyo watu huukausha ili wapate kitoweo miezi ya kiangazi, wakati mboga za majani ni adimu na za bei ya juu.

Kumbuka hesabu hii unaponunua: kilo 10 za uyoga mbichi hutoa takriban kilo 1 ya uyoga mkavu. Kiasi kinachoonekana kidogo kwenye mfuko kinaweza kulisha watu wengi kikishalowekwa.

Una faida gani mwilini?

Uyoga una protini, nyuzinyuzi, madini ya potasiamu na baadhi ya vitamini za kundi B. Katika gramu 100 za uyoga mkavu, gramu 20 hadi 30 hivi ni protini, kutegemea aina. Lakini mtu mmoja kwa mlo hula kama gramu 20 tu za uyoga mkavu, yaani gramu 4 hadi 6 za protini. Hiyo inakaribia protini iliyo kwenye yai moja. Ni nyongeza nzuri, hasa ukiupika na karanga au kuula pamoja na maharage, ila kwa watoto wanaokua usiufanye kuwa chanzo pekee cha protini.

Uyoga ukianikwa juani hutengeneza pia vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Vitamini hiyo hupungua kadiri uyoga unavyokaa ghalani.

Kukausha hakuondoi sumu

Uyoga hatari kuliko wote una sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa jua, moshi, kuchemsha, kukaanga, chumvi wala kugandisha. Uyoga wenye sumu ukikaushwa leo, bado utakuwa na sumu mwakani.

Tena kukausha huongeza tatizo jingine. Uyoga ukiwa mbichi, mchumaji mzoefu hutazama rangi ya kofia, mikunjo iliyo chini ya kofia, pete kwenye shina, kitako kilichofukiwa udongoni, harufu yake, na mti ulioota chini yake. Baada ya kukauka, karibu alama zote hizo hupotea. Kinachobaki ni vipande vya kahawia vinavyofanana. Hata mtaalamu hawezi kuvitazama sokoni akakuhakikishia kuwa vyote ni salama.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu uyoga mkavu si “unaonekanaje?” bali ni “nani aliuchuma, na wapi?”

Usitegemee pia vipimo vya mitaani. Yafuatayo yote si kweli:

- “Uyoga ulioliwa na wadudu, konokono au mbuzi ni salama kwa binadamu.” Wanyama wengi huweza kula kinachomdhuru mtu.
- “Ukiupika na kitunguu saumu, mchele au sarafu ya fedha na kisibadilike rangi, hauna sumu.” Sumu ya uyoga haibadilishi rangi ya vitu hivyo.
- “Uyoga mweupe au wenye harufu nzuri hauna sumu.” Baadhi ya uyoga unaoua ni mweupe, na waliowahi kuula wakapona wamesema ulikuwa mtamu.
- “Ukimenya kofia au ukichemsha mara mbili, sumu inatoka.” Kwa uyoga unaoua, haitoki.

Mahali pa kuupata

*Uyoga wa kulimwa.* Huu ndio salama zaidi kwa mtu asiyejua uyoga wa porini. Unaolimwa sana na wakulima wadogo ni mamama, wenye kofia bapa mfano wa sikio au kombe, unaoota kwa vichala kwenye mabua, pumba au maranda. Mkulima anajua aina aliyopanda, na mara nyingi unaweza kwenda kuuona ukiwa bado kwenye mifuko yake. Ukiweza, nunua mbichi kwake ukaukaushe mwenyewe.

*Uyoga wa porini.* Huu una ladha ambayo wengi huikumbuka tangu utotoni: ule wa njano wa miombo, au ule mkubwa wa kichuguu ambao shina lake hushuka kama mzizi hadi kwenye kiota cha mchwa. Nunua kwa mtu unayemfahamu, anayechuma mwenyewe katika eneo alilolizoea, na ambaye familia yake hula uyoga huohuo.

*Uyoga wa dukani.* Ukiwa kwenye pakiti iliyofungwa, tafuta jina la aina ya uyoga, jina la mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Epuka pakiti isiyosema ndani kuna nini.

*Kuchuma mwenyewe.* Chuma tu aina ulizofundishwa na mzoefu wa eneo hilohilo, na ung'oe uyoga mzima pamoja na kitako chake ili uuone wote. Uyoga wenye mikunjo myeupe chini ya kofia, pete kwenye shina na kitako kilichokaa ndani ya kikombe unaweza kuwa wa kundi linaloua. Kundi hilo lina pia aina zinazoliwa miomboni, na ndiyo sababu mgeni hapaswi kubahatisha. Jihadhari vilevile na uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za bustani na viwanja baada ya mvua. Aina moja ya namna hiyo, ambayo mikunjo yake hugeuka rangi ya kijani ikikomaa, husababisha kutapika na kuharisha vikali, na watu huudhania kuwa uyoga wa kichuguu.

Usichume kando ya barabara kuu, karibu na migodi, majalala au mashamba yanayopuliziwa dawa. Uyoga hufyonza madini mazito na kemikali kutoka ardhini, na kukausha hakuvitoi.

*Ukihamia nchi nyingine*, ujuzi wa nyumbani haukulindi. Mwaka 2015, hospitali ya chuo kikuu cha tiba mjini Hannover, Ujerumani, ilipokea wagonjwa wengi waliokula uyoga wenye sumu uitwao Amanita phalloides. Wengi wao walikuwa wakimbizi waliofika karibuni, ambao waliona uyoga huo ukifanana na ule wa kwao. Ukiwa ugenini, nunua dukani.

Unaponunua, angalia haya

- *Ukavu.* Chukua kipande ukivunje. Kinapaswa kukatika kwa mlio. Kikijikunja kama ngozi, bado kina maji.
- *Harufu.* Iwe ya uyoga, au ya moshi kidogo kama ulikaushwa juu ya jiko. Harufu ya chumba kilichofungwa au uchachu ni dalili ya ukungu.
- *Rangi.* Kahawia au njano iliyofifia ni kawaida. Madoa meusi, meupe kama pamba au ya kijani si kawaida.
- *Vumbi na matundu.* Unga mwingi chini ya mfuko na vitundu kwenye vipande ni kazi ya wadudu.
- *Vipande vizima.* Nunua vipande ambavyo kofia na shina bado vinaonekana. Usinunue unga wa uyoga wa porini kutoka kwa mtu usiyemjua.
- *Aina moja.* Usinunue fungu lililochanganywa aina nyingi.

Muulize muuzaji ulichumwa lini na wapi. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu bila kusita.

Ukikausha mwenyewe

1. Anza siku hiyohiyo uliyochuma au kununua. Uyoga ulioanza kuteleza haufai kukaushwa.
2. Futa udongo kwa kitambaa au brashi laini. Usiuloweke. Ukilazimika kuuosha, suuza haraka na uache uchuje maji.
3. Kata vipande vyenye unene wa nusu sentimita hivi. Vipande vikilingana, vitakauka pamoja.
4. Vitandaze bila kupandana juu ya kichanja, ungo au wavu safi, si chini kwenye udongo. Funika kwa chandarua chepesi kuzuia inzi na vumbi.
5. Anika kwenye jua kali lenye upepo kwa siku 2 au 3, ukigeuza mara kadhaa. Ingiza ndani kabla ya jua kuzama, maana umande wa usiku hurudisha unyevu.
6. Kukiwa na mawingu, tumia kaushio la sola au oveni yenye joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kidogo. Joto kali zaidi hupika uyoga nje huku ndani ukibaki na maji.

Tatizo kubwa ni kwamba msimu wa uyoga ndio msimu wa mvua. Kama huna jua la kutosha wala kaushio, kausha kidogo unachoweza na mengine mpike mle. Uyoga uliokauka nusu ni hasara, na unaweza kuwa hatari.

Kuhifadhi

Acha uyoga upoe kabisa kabla ya kuufunga, kwa sababu ukiufunga ukiwa na joto, mvuke utageuka maji ndani ya chombo. Kisha tumia chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko unaobana. Mfuko wa plastiki wa kawaida hupitisha hewa na panya huutoboa kwa urahisi. Ukiutumia, weka mifuko miwili, kisha uiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Chunguza chupa kila siku kwa wiki ya kwanza. Ukiona matone au ukungu wa maji kwenye kioo, toa uyoga wote uanike tena siku hiyohiyo. Hatua hii ndogo huokoa akiba ya msimu mzima.

Weka chombo mahali penye giza, pakavu na baridi, mbali na jiko na sinki. Andika juu yake aina ya uyoga, mahali ulikotoka na tarehe. Usichanganye uyoga wa wachumaji tofauti kwenye chombo kimoja. Tatizo likitokea, utajua mara moja ni upi wa kutupa, na daktari atajua mgonjwa alikula nini.

Ukihifadhiwa hivi, uyoga mkavu hukaa miezi 6 hadi 12. Wanaoishi pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, watumie vyombo vidogo ili chupa kubwa isifunguliwe kila siku.

Kama una friza, weka uyoga mkavu humo kwa siku 3 au 4 kabla ya kuuhifadhi kabatini. Baridi huua wadudu na mayai yao. Ukiutoa, usifungue chombo mpaka kifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya uyoga.

Ukiota ukungu, usikate sehemu mbaya tu

Baadhi ya ukungu huotao kwenye chakula kikavu kilichopata unyevu hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Uyoga si mahindi, na huliwa kwa kiasi kidogo zaidi, lakini funzo la ghalani ni lilelile: kikavu kilicholowa na kuota ukungu si chakula tena. Tupa vyote vilivyokuwa kwenye chombo hicho. Usiwape kuku wala mifugo mingine. Osha chombo kwa sabuni, kikaushe juani, ndipo ukitumie tena.

Uyoga wenye wadudu wachache bila ukungu hauna sumu kwa sababu hiyo pekee, ila umepoteza ubora. Ukiwa na unga mwingi na uchafu wa wadudu, utupe.

Kupika

1. Chukua kiganja kimoja cha uyoga mkavu kwa kila mtu. Chambua uondoe majani na vijiti.
2. Loweka kwenye maji ya moto kwa dakika 20 hadi 30, hadi ulainike. Ukitaka kuloweka kwa zaidi ya saa 2, weka bakuli kwenye friji. Usiuache jikoni usiku kucha. Nchini China watu wamewahi kufa baada ya kula uyoga mkavu ulioachwa ndani ya maji muda mrefu kwenye joto, kwa sababu ya sumu ya bakteria waliozaliana humo.
3. Utoe kwa mkono au kijiko badala ya kuumimina, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Suuza.
4. Kwa uyoga wa kulimwa, chuja maji uliyolowekea kwa kitambaa safi, uyatumie kwenye mchuzi. Yana ladha nyingi. Kwa uyoga wa porini, fuata desturi ya wanaoujua: kama kwao huchemshwa kwanza na maji kumwagwa, usiruke hatua hiyo.
5. Kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, kisha acha uchemke kwa dakika 15 hadi 20 au zaidi. Malizia kwa karanga zilizosagwa au tui la nazi. Unaliwa kwa ugali, wali au viazi.

Ukila aina fulani kwa mara ya kwanza, kula kidogo. Watu wengine hupata mzio au kusumbuliwa na tumbo kwa uyoga ambao wenzao hula bila shida.

Nani awe mwangalifu zaidi?

- *Watoto wadogo, wajawazito na wazee.* Wapewe uyoga wa kulimwa tu. Sumu kidogo huweza kuwadhuru kuliko wengine.
- *Wenye ugonjwa wa figo.* Uyoga mkavu una potasiamu nyingi. Waulize kwanza kliniki.
- *Wenye jongo.* Kula kiasi, kwani uyoga mkavu unaweza kuongeza asidi inayosababisha maumivu ya viungo.
- *Wanaotumia dawa.* Unga au vidonge vya uyoga huuzwa kama tiba ya saratani, kisukari na hata VVU. Uyoga ni chakula. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya bidhaa hizo, na mweleze daktari kama unazitumia.

Dalili za sumu, na la kufanya

Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, jasho jingi, kizunguzungu au kuona vitu visivyokuwepo.

Muda wa dalili kuanza una maana kubwa. Uyoga mwingi unaosumbua tumbo huleta dalili ndani ya saa chache. Unaoharibu ini huchelewa, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24. Mgonjwa hutapika na kuharisha sana, kisha siku ya pili huonekana amepona. Hapo ndipo familia nyingi hutulia. Ndani ya mwili ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho hugeuka manjano, damu hutoka kwa urahisi na mgonjwa huchanganyikiwa.

Kwa hiyo:

- Nendeni hospitali mara dalili zinapoanza. Msisubiri asubuhi.
- Wote waliokula chungu kimoja waende, hata wasio na dalili.
- Chukueni mabaki ya uyoga, uliopikwa na mkavu, kwenye karatasi. Kama mtu ametapika, chukueni pia sehemu ya matapishi.
- Mwambieni mhudumu saa mliyokula, kiasi, na mahali uyoga ulikotoka.
- Msimlazimishe mgonjwa kutapika. Msimpe maziwa, mafuta, wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni maji kidogokidogo njiani.
- Mjulisheni aliyewauzia au kuwapa uyoga, ili wengine wasile.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimepewa mfuko wa uyoga mkavu na sijui ulikotoka. Nifanyeje?*
Uliza. Usipopata jibu la uhakika, utupe. Ni vigumu kutupa zawadi, lakini mlo mmoja hauna thamani ya ini la mtoto.

*Uyoga wangu umepita mwaka mmoja. Bado unafaa?*
Kama bado unakatika kwa mlio, hauna ukungu, wadudu wala harufu mbaya, kwa kawaida unaweza kuliwa, ingawa ladha imepungua. Ukiwa na shaka, usiule.

*Naweza kusaga uyoga mkavu kuwa unga?*
Ndiyo, kama unajua ulikotoka. Unga hufyonza unyevu haraka kuliko vipande, kwa hiyo saga wa kutosha wiki mbili au tatu tu, na uupike pamoja na mchuzi au uji hadi uive.

*Nani anaweza kunifundisha uyoga wa eneo letu?*
Wachumaji wazoefu wa hapo kijijini, hasa akina mama na wazee, pamoja na afisa ugani wa kata. Nenda nao msituni zaidi ya msimu mmoja. Jifunze aina mbili au tatu vizuri, na zilizobaki ziache msituni.